LESULA, MAKAKU YA JIMBO LETU



Sokoni, makaku iliyokaushwa kwa moshi haina jina tena. Uso umekuwa mweusi, manyoya yameungua, muuzaji anasema tu "makaku". Leo napenda tujifunze juu ya moja yenye jina lake.

Mwezi wa sita 2007, watu wa kazi ya John Hart na Terese Hart, waliokuwa wanachunguza pori la Lomami, walifika Opala, hapa katika Tshopo yetu. Kwa direkta wa shule ya msingi waliona mtoto wa makaku, jike, anafugwa. Hawakumtambua. Direkta hakushangaa: alisema ni lesula, wawindaji wanamjua vizuri. Alimpata kwa mtu wa jamaa yake, aliyeua mama yake porini karibu na Yawende. Miaka mitano ikapita katika kupima na kulinganisha, mpaka Septemba 2012 wataalamu wakatangaza jina la Cercopithecus lomamiensis, juu ya mto Lomami, ule unaoingia Kongo pale Isangi. Magazeti ya dunia yaliandika "makaku mpya". Mpya kwa nani? Si kwa watu wa Opala!

Uso wake ni mrefu, hauna manyoya, macho ni makubwa kama ya mtu. Ukimtazama katika picha utasema anataka kukuuliza neno. Dume ana kilo 4 mpaka 7, na nyuma yake ni buluu kabisa (msicheke). Wanatembea wachache wachache, mara nyingi chini, wanatafuta matunda na majani. Alfajiri dume anatoa sauti nzito ya kufika mbali. Basi kutembea chini kunamleta kwenye mtego wa waya, na sauti inamwonyesha mwenye bunduki njia.

Makao yake ni kati ya Lomami na Tshuapa, kama kilometa za mraba 17,000. Pengine duniani hayupo. Tangu 2016 tuna Parki ya Taifa ya Lomami, katika Tshopo na Maniema, lakini sehemu tu ya makao yake imo ndani. Na kinga zinaendelea kusukumwa kutoka porini zimejaa nyama.

Wengine darasani wanasema: nyama ni nyama. Tuseme ukweli, kati yetu wako ambao feza yao ya shule imetoka katika nyama hiyo, na mimi siwezi kumhukumu mzazi wao. Lakini nyama zote hazifanani. Simbiliki anazaa wengi na upesi. Makaku za namna hii zinazaa kwa kawaida mtoto mmoja tu, na kumlea ni kazi ndefu. Ukiua mama, umeua wawili. Kwa maoni yangu, kumkataza mwindaji bila kumwonyesha shimo la ngolo au banda la simbiliki ni kupoteza maneno.

Ninyi mnaotoka Opala, likizo hii waulizeni wazee: lesula bado anasikilika karibu na kijini, au inaomba kutembea siku ngapi? Majibu mniletee, tutayaandika katika ukurasa huu.