Namba kwanza, laptopu baadaye: kupata intaneti ukiwa na mgonjwa India

Watanzania wengi wanaokwenda India hawaendi kutembea. Wanapeleka mgonjwa, na anayemsindikiza hujikuta na saa nyingi za kusubiri: majibu ya vipimo, daktari apite wodini, bili ipigwe muhuri. Ukiwa na kazi inayofanyika kwa laptopu, saa hizo ndizo zitakazosaidia kulipa chumba. Mimi huandaa hesabu za wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam. Ritani ya VAT inatakiwa TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, iwe mhasibu yuko Kariakoo au yuko Chennai akimuuguza mama yake. Kazi hiyo nimeifanya nikiwa Chennai, na kila ninapoulizwa na mtu anayejiandaa kusafiri, huanza na jambo moja.

India haina uhaba wa intaneti. Tangu kampuni ya Jio ilipoingia sokoni Septemba 2016, bei ya data ilishuka sana, na leo muuza chai wa barabarani anaangalia kriketi kwenye simu siku nzima. Kinachomkwamisha mgeni ni namba ya simu. Wi-Fi ya uwanja wa ndege inataka namba. Wi-Fi ya stesheni ya treni inataka namba. Teksi unayoiita kwa programu inataka namba. Kila mmoja atatuma OTP, yaani namba ya siri ya muda, na bila kuiingiza hufunguliwi. Laptopu haina laini ya kupokea SMS. Shughulika na simu kwanza, laptopu itafuata.

Ukiwa bado nyumbani

Laini yako ya Tanzania isibaki kwenye droo. Benki yako itaendelea kutuma OTP kwenye namba hiyo, na barua pepe yako ikiona umeingia kutoka nchi ngeni itataka kukuhakiki kwa namba hiyo hiyo. Washa romingi kabla ya safari, kwa menyu ya mtandao wako au dukani kwao, kwa sababu kuiwasha ukiwa tayari India ni kazi. Uliza mambo mawili: kupokea SMS kunakatwa kiasi gani, na kupokea simu kunakatwa kiasi gani. Kisha zima data ya romingi kwenye simu. Unachotaka kwenye laini hiyo ni SMS tu.

Simu ya laini mbili inatosha: moja ya nyumbani, moja ya India. Kama simu yako ni ya laini moja, beba kiswaswadu kwa ajili ya laini ya Tanzania. Ila jua kwamba Jio ni mtandao wa 4G na 5G pekee, hauna 2G, hivyo kiswaswadu cha zamani hakitauona. Ingia kwenye mipangilio yake uchague mwenyewe mtandao mwingine unaokubali laini yako, Airtel kwa mfano. Na usidhani kwamba laini ya Airtel ya Tanzania itahesabiwa kuwa ya nyumbani kwa kuwa jina ni lile lile. Kule nayo ni romingi kama nyingine.

Usitegemee SMS peke yake. Akaunti ya Google inakupa namba 10 za akiba unazoweza kuchapisha kwenye karatasi, na kila moja inafungua akaunti mara moja hata simu ikiwa imezimwa. Karatasi hiyo niliikunja nikaiweka kwenye bahasha ya vyeti vya chanjo, mbali na laptopu.

Kama simu yako inakubali eSIM, nunua ya India na uiweke kwenye simu kabla hujapanda ndege. Kupakua eSIM kunahitaji intaneti, yaani kitu kile kile utakachokuwa huna ukishatua. Tena Januari 2024 serikali ya India iliagiza programu mbili kubwa za kuuza eSIM kwa wasafiri ziondolewe kwenye maduka ya programu na tovuti zake zifungwe, kwa hiyo kununua ukiwa ndani ya nchi si jambo la kulitegemea. Lakini eSIM hizi za wasafiri kwa kawaida ni za data tu. Zitakupeleka mtandaoni, ila hazikupi namba ya India, na OTP za kule hutazipata. Ichukulie kama daraja la siku ya kwanza na ya pili.

Mwisho ni umeme. Volti ni 230 kama kwetu, ila soketi za India nyingi ni za matundu matatu ya duara, na plagi yetu ya miguu ya bapa haiingii. Yale maadapta ya "dunia nzima" yanayouzwa viwanja vya ndege huingia lakini hulegea, na kwa chaja nzito ya laptopu hutoa cheche. Ukifika, nenda duka la vifaa vya umeme ukanunue adapta imara ya miguu ya duara. Beba na ekstensheni ya nyumbani: ukiwa na adapta moja na ekstensheni moja, laptopu, simu na kiswaswadu vyote vinachajiwa kwa soketi moja iliyo nyuma ya kitanda.

Ukitua

Ukiunganisha ndege Dubai, usihangaike na simu ya WhatsApp. Falme za Kiarabu zinaizuia, hata kama ujumbe wa maandishi unapita. Tuma ujumbe nyumbani uendelee na safari.

Ndani ya India, Wi-Fi ya uwanja wa ndege itakuomba namba. Unaweza kuandika yako ya +255, lakini OTP mara nyingi haifiki, au inafika ukiwa umeshatoka nje. Kwenye viwanja vikubwa kama Delhi kuna mashine za kutolea namba ya kuingilia kwa kuskani pasipoti, na penye dawati la maelezo ulizia. Kama eSIM yako imeshika, pita moja kwa moja ukamuwahi mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu.

Kusajili laini ya India

Hapa ndipo pa kuweka nguvu, na ni vizuri ufanye siku unayofika au kesho yake asubuhi. Vibanda vya mtaani vina mabango ya mitandao yote, lakini muuzaji atakuuliza swali moja.

"Aadhaar?"

"Sina, kaka. Mimi mgeni, nina pasipoti."

Atatikisa kichwa, kwa sababu mfumo wake husajili kwa kitambulisho cha taifa cha Wahindi na hana ruhusa ya kumsajili mgeni. Nenda duka la kampuni yenyewe, Airtel au Jio. Kuwa na pasipoti, viza iliyochapishwa, nakala za kurasa hizo, picha ndogo, na uthibitisho wa mahali unapokaa. Mimi nilitumia barua ya hospitali pamoja na kadi ya gesti. Nakala si tatizo: Chennai, eneo la Greams Road lenye gesti nyingi za wagonjwa, maduka yenye kibao cha XEROX yamejaa, na baadhi hupiga na picha ndogo hapo hapo.

Fomu itakuuliza jina la baba, hata uwe na miaka 50. Andika. Inaweza pia kukuuliza namba ya mtu mwingine wa India atakayepokea ujumbe wa uthibitisho. Kabla hujatoka gesti, muombe meneja namba yake na umwambie akae karibu na simu. Akishakusomea tarakimu hizo, mnamaliza. Laini haiwaki hapo hapo. Huchukua saa kadhaa, wakati mwingine hadi siku inayofuata. Huo ndio muda wa kutumia eSIM yako. Muda wa laini ya mgeni nao haupiti muda wa viza, kwa hiyo matibabu yakirefuka na viza ikaongezwa, rudi dukani na karatasi mpya mapema.

Utakutana na mtu mwema, mara nyingi dereva, atakayekwambia chukua laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu yake. Mshukuru, kataa. Sheria ya mawasiliano ya India ya mwaka 2023 inaweka kifungo na faini nzito kwa kupata laini kwa udanganyifu, na mgeni mwenye mgonjwa wodini hana muda wa kujieleza polisi.

Laini ikiwaka, WhatsApp inaweza kukuuliza kama unataka kuhamia namba mpya. Sema hapana. Wateja na ndugu wanakujua kwa ile ya nyumbani, na WhatsApp inafanya kazi kwenye data ya laini yoyote.

Sasa laptopu

Vifurushi vya India vimekatwa kwa siku. Kile cha kawaida hudumu siku 28 na hukupa kiasi fulani kila siku, GB 1.5 au 2. Ukikimaliza, intaneti haikatiki. Inashuka hadi 64 kbps, kasi ya kutuma ujumbe wa maandishi na si zaidi. Kiasi kipya hufunguka saa sita usiku ya India, ambayo Dar es Salaam ni saa tatu na nusu usiku.

GB 1.5 kwa simu ni nyingi. Kwa laptopu zinaweza kuyeyuka kabla hujafungua jedwali la kwanza, kwa sababu laptopu ikiona hotspoti inadhani iko ofisini: inaanza kupakua masasisho, inapandisha picha OneDrive, inasawazisha mafaili ya mwezi mzima. Ndiyo maana, kabla ya lingine lolote, kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, bofya jina la hotspoti yako, kisha washa palipoandikwa Metered connection. Hapo Windows inajua data ni ya kupimwa na inaacha masasisho mengi. Kwenye Mac kuna Low Data Mode mahali pale pale. Simamisha pia OneDrive, Google Drive au Dropbox kwa mkono, na kikao cha video kifanye kwa sauti tu, maana saa moja ya video inaweza kula GB nzima.

Hotspoti ya Wi-Fi ni rahisi, ila kwenye gesti yenye vyumba vingi hewa imejaa Wi-Fi za watu na ya kwako inasuasua. Tumia waya wa chaji: unganisha simu na laptopu, kisha washa USB tethering kwenye simu. Mawasiliano yanatulia na simu inajichaji humo humo. Mwenye iPhone na laptopu ya Windows aweke programu ya Apple kwenye laptopu akiwa nyumbani, la sivyo waya hautatambuliwa.

Wi-Fi ya gesti na ya hospitali

Hii itumie kwa kazi nzito zisizo na siri: masasisho, kupakua mafaili makubwa. Mara nyingi laptopu itaonyesha imeunganishwa lakini ukurasa wa kuingiza namba ya chumba haufunguki. Zima VPN. Kama uliwahi kuweka DNS yako mwenyewe, irudishe iwe ya kawaida. Kisha andika neverssl.com kwenye kivinjari. Kurasa nyingi siku hizi zimefungwa kwa usimbaji, na mtandao wa gesti hauwezi kukuingilia katikati ili ukupeleke kwenye ukurasa wake. Tovuti hiyo imeachwa wazi makusudi, na ukurasa wa gesti utajitokeza hapo.

Gesti nyingine huruhusu kifaa kimoja au viwili kwa chumba, na simu ya mgonjwa imeshachukua nafasi. Ingiza laptopu kwanza, kisha washa Mobile hotspot ya Windows ili laptopu iwagawie wengine. Mtandao wa gesti utaona kifaa kimoja.

Mambo ya benki na ya wateja nafanya kwa data yangu. Ukitumia VPN, ujue kwamba kanuni za India za mwaka 2022 ziliwataka watoa huduma hiyo kutunza taarifa za wateja kwa miaka 5, na baadhi yao wakaondoa seva zao nchini humo. Usishangae orodha yako ikiwa haina India.

Saa za kazi

India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ofisi ikifunguliwa Dar saa mbili asubuhi, Chennai ni saa nne na nusu. Huo ni muda mzuri kwa msindikizaji: daktari mara nyingi ameshapita wodini na dawa za asubuhi zimeshachukuliwa. Mteja wangu mmoja, mzee wa vipuri, alikuwa ananipigia saa kumi na moja jioni akifunga duka. Kwangu ni saa moja na nusu usiku. "Shikamoo mzee, nitumie picha za risiti leo, usiku nitazipakua." Nazipakua baada ya saa sita, kifurushi kipya kikishafunguka.

Kabla ya kurudi

Ile namba ya India uliyohangaika kuipata itakuwa imeingia sehemu nyingi kuliko unavyokumbuka: tovuti ya hospitali ya majibu ya vipimo, programu ya teksi, duka la dawa, pengine hata barua pepe yako. Ukiondoka itafungwa, na zikipita siku 90 tangu ifungwe inaweza kupewa mtu mwingine. OTP zako zitakuwa zinaingia kwake. Kwa hiyo laini ikiwa bado hai, fungua laptopu, pita akaunti moja moja na urudishe namba ya +255. Tovuti ya hospitali iwekee na barua pepe, kwa sababu daktari wa Muhimbili au wa wilayani kwenu ataomba majibu yale, na utahitaji kuyapata ukiwa nyumbani.