Ukiuza mche, tuma na maelekezo

Nauza miche ya mboga mtandaoni, mizigo natuma kutoka Kariakoo. Mteja wa Upanga akanirushia picha: matango yana maua kibao, tunda hata moja hakuna. Anataka hela yake.

Nikamuuliza, "Dada, dawa unapiga saa ngapi?"
"Saa tatu asubuhi."

Kumbe! Saa hizo nyuki wako kazini. Ukiwaua, nani atabeba chavua toka ua dume kwenda ua jike?

Sasa kila mzigo unatoka na kikaratasi:
1. Vidukari wachache, wapanguse kwa maji ya sabuni.
2. Mwarobaini piga jioni, nyuki wakisharudi.
3. Maua usiyapulizie.

Dada alifuata, matango yakashika. Hela sikurudisha.

Bidhaa yako wateja wanaikosea wapi? Waandikie kabla hawajalalamika.