SOMO LA UFUNDI: Kuchagua Hesi za Skrubu kwa Ruta Inayoongozwa na Kompyuta



Katika toleo hili tunajifunza jambo linalohusu vikundi vya useremala vinavyotaka kujitengenezea ruta, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Milango na mimbari zenye nakshi zina wateja, lakini mashine ya kiwandani ni ghali. Kujitengenezea kunawezekana. Hata hivyo, fedha za kikundi ni michango ya wanachama, na zikishanunua skrubu isiyofaa hazirudi. Skrubu ikibadilishwa, nati, beringi na vishikizo vyake navyo hubadilishwa. Mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14 unatuhusu: tuketi kwanza tupige hesabu.

1. Kazi ya skrubu

Hesi ni yale meno yanayozunguka mwili wa skrubu. Mafundi wengi huyaita nyuzi au thredi. Katika ruta, mota huzungusha skrubu ndefu. Nati haizunguki, kwa hiyo husogea na kuvuta kigari kinachobeba kifaa cha kuchongea. Umbali ambao kigari husogea skrubu ikizunguka mara moja ndio tunaouita hapa "mwendo". Mota za hatua zinazotumika sana hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200.

2. Aina tatu za hesi

(a) Hesi ya bolti. Meno yake ni makali, yenye pembe ya digrii 60. Skrubu ya M12 ina mwendo wa milimita 1.75. Fimbo zake hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa na bei yake ni nafuu. Lakini hesi hii ilibuniwa ili ishike na isilegee. Msuguano ambao ni sifa njema kwenye bolti, hapa hula nguvu ya mota na kumaliza nati.

(b) Hesi ya trapeza. Meno yake yana vichwa bapa na pembe ya digrii 30. Hii ilibuniwa kwa ajili ya kusogeza mzigo. Hesi za jinsi hii utaziona kwenye jiliwa na kwenye mashine ya kukereza. Skrubu iliyoandikwa Tr16x4 ina unene wa milimita 16 na mwendo wa milimita 4.

(c) Skrubu ya gololi. Ndani ya nati kuna gololi zinazobingirika, hivyo msuguano ni mdogo sana na takriban asilimia 90 ya nguvu hufika kwenye kazi. Inayotumika sana ina unene wa milimita 16 na mwendo wa milimita 5. Bei yake ni kubwa kuliko hizo nyingine, nayo inahitaji kukingwa na vumbi la mbao.

3. Tupige hesabu

Tuchukue mota inayozunguka mara 600 kwa dakika. Kigari kitasogea hivi:
- M12: milimita 1,050 kwa dakika
- Tr16x4: milimita 2,400 kwa dakika
- Gololi ya mwendo wa 5: milimita 3,000 kwa dakika

Kwa mbao kasi ina maana kubwa. Kisu kikikawia mahali pamoja huunguza mbao na hupoteza makali mapema.

Wengine husema M12 ni bora kwa kuwa hatua moja ni milimita 0.009 tu, wakati ya Tr16x4 ni 0.02. Seremala hahitaji udogo huo. Tena, nati ikilegea kwa milimita 0.3, udogo wa hatua hausaidii kitu: kila mota inapogeuza mwelekeo kigari huchelewa, na duara hutoka na kasoro. Dawa ni kutumia nati mbili zinazosukumana kwa springi, ili meno yabanwe pande zote.

4. Umeme ukikatika

Skrubu inayopandisha na kushusha kifaa cha kuchongea ichaguliwe kwa uangalifu zaidi. Skrubu ya gololi huweza kuzunguka yenyewe kwa uzito wa mzigo. Vivyo hivyo skrubu nyembamba ya milimita 8 yenye mwendo wa 8, inayotumika sana kwenye mashine ndogo. Umeme ukikatika, kifaa kinaweza kushuka na kuharibu kazi au kuumiza mkono. Hesi ya trapeza yenye mwendo mfupi hubaki ilipo.

5. Urefu na unene

Skrubu ndefu na nyembamba hupepea kama kamba ikizungushwa kwa kasi. Urefu ukiongezeka mara mbili, kasi salama hushuka hadi robo. Kwa meza ndefu, ongezeni unene wa skrubu.

6. Milimita au inchi?

Fimbo ya nusu inchi yenye hesi za Whitworth, mfumo wa Uingereza ulioanza mwaka 1841, hufanana sana na M12. Lakini ina meno 12 kwa inchi, yaani mwendo wa milimita 2.117. Mkiandika 1.75 katika programu, ubao wa milimita 100 utatoka na takriban 121! Kabla ya kulipa, pimeni urefu wa meno kumi: M12 hutoa milimita 17.5, Whitworth hutoa 21.2.

Ushauri wetu

Kwa ruta ya meza ya sentimita 60 kwa 90, tunapendekeza Tr16x4 pande zote, pamoja na nati mbili za shaba au plastiki ngumu. Fedha zikiwa chache, M12 inatosha kwa mashine ndogo ya kujifunzia, si kwa kazi za wateja. Gololi zisubiri hadi kazi iwe nyingi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kazi zetu zinahitaji kasi gani, na usahihi kiasi gani?
2. Ni nani atakayesafisha na kulainisha skrubu kila wiki?
3. Skrubu na nati zikichakaa, fedha za kununua nyingine zitatoka wapi?

Bwana abariki kazi za mikono yenu.