Kumuuguza Mwenzi Mwenye Saratani ya Utumbo Iliyoenea: Kijitabu cha Kaya za Garissa, Wajir na Mandera

1. Maana ya habari mliyopewa

Saratani ya utumbo mpana huanza katika ukuta wa ndani wa utumbo na kukua taratibu, aghalabu kwa miaka mingi. Na kwa kuwa dalili zake za mwanzo, yaani damu katika choo, kufunga choo au kuharisha kusikokoma, upungufu wa damu na kukonda, hudhaniwa kuwa bawasiri au amiba, wengi hufika hospitali maradhi yamekwisha kuingia katika ini, mapafu au utando wa tumbo. Tabibu asemapo kwamba yamefika daraja ya nne, maana yake ni hiyo: yameenea mbali na yalipoanzia, na kwa wagonjwa walio wengi hayatarajiwi kuondoka kabisa, ijapokuwa dawa zaweza kuyapunguza kasi, kurefusha maisha na kutuliza mateso.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka chumbani mwa tabibu, muulize swali moja la wazi: je, matibabu haya yanakusudia kuponya, kurefusha maisha, au kutuliza? Jibu lake ndilo liongoze kila shauri la nyumbani, likiwamo shauri la kuuza ngamia. Wala maradhi haya hayaambukizi. Kuleni sahani moja na mlale chumba kimoja kama mlivyozoea.

2. Kusema kweli

Desturi ya kuwaambia wazee wa ukoo na kumficha mgonjwa mwenyewe hutokana na huruma. Walakini mgonjwa huyasoma macho ya watu wake, na akifichwa hubaki peke yake na hofu yake, akakosa nafasi ya kulipa madeni, kurejesha amana, kuandika wasia na kuwataka radhi aliowakosea. Muulize kwa upole angependa kujua kiasi gani, na ni nani amtakaye asimame pamoja naye mbele ya tabibu. Kulitaja gonjwa kwa jina lake si kukata tamaa na rehema ya Mola.

3. Maumivu na dawa zake

Mgonjwa hana haja ya kuthibitisha subira yake kwa kuumia. Maumivu makali hutulizwa kwa mofini, ambayo aghalabu huwa dawa ya maji ya kunywa, nayo hutolewa kwa saa maalumu, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Kuitumia kwa amri ya tabibu ni tiba, wala si ulevi. Kwa kuwa hufunga choo, omba pamoja nayo dawa ya kulainisha. Usiikatishe ghafula, wala usiache chupa mahali watoto wanapofikia. Akizidiwa na usingizi hata asiamshike vyema, mjulishe tabibu mara moja.

Dua na ruqya zina nafasi yake kando ya matibabu, na habasoda au asali mtajie tabibu ili azijue. Lakini kumchoma mgonjwa tumboni kwa chuma cha moto hakuifikii saratani. Humwachia kidonda katika wakati ambao tibakemia, yaani dawa za kuua saratani, imeupunguzia mwili wake nguvu za kujikinga.

4. Chakula, mfuko na ibada

Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, wala usimlazimishe, kwani kukosa hamu ni sehemu ya maradhi na si dharau kwa mpishi. Maziwa ya ngamia yachemshwe kwanza, maana mabichi huweza kumletea maambukizi. Kwa siku mbili baada ya tibakemia, vaa glavu unaposafisha mkojo, kinyesi au matapishi yake.

Ikiwa amefunguliwa njia tumboni na kuwekewa mfuko wa kinyesi, uumwage kabla haujajaa nusu, na ngozi ioshwe kwa maji safi na kukaushwa taratibu. Wengi huacha msikiti kwa kuona haya, hali sharia imewafungulia mlango: katika madhehebu ya Shafii, mwenye udhuru wa kudumu hutawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya kuingia wakati wake, kisha huswali. Kadhalika mgonjwa anayedhurika kwa saumu ana ruhusa ya kufungua. Mwulizeni sheikh habari za fidia.

5. Dalili zisizongoja asubuhi

- Kutapika mfululizo, tumbo kuvimba, na kutopata choo wala kutoa upepo.
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa tibakemia.
- Kutokwa na damu nyingi.
- Nyama ya njia ya tumboni kugeuka rangi kuwa nyeusi.
- Kuchanganyikiwa ghafula.

6. Safari na gharama

Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa ina kituo cha saratani cha kanda. Basi, kabla ya kumsafirisha mgonjwa dhaifu takriban kilomita 370 hadi Nairobi, uliza ni matibabu gani yapatikanayo hapo, na uombe kwa jina lake huduma shufaa, ambayo kazi yake ni kutuliza maumivu na kuisaidia familia. Atokaye Mandera au Wajir aulize pia ni dawa zipi aweza kuendelea kuzipata karibu na kwao. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, ina kiwango maalumu cha matibabu ya saratani kwa mwaka: hakikisha kaya imeandikishwa, na uulize kilichosalia kabla ya kila duru ya dawa.

7. Wewe unayeuguza

Anayekesha usiku baada ya usiku bila kupokewa huanguka, na akianguka yeye mgonjwa hana nguzo. Kwa hiyo jamaa wakiuliza wasaidie nini, wape zamu yenye siku na saa: huyu alale hapa Jumanne, yule achote maji, na mwingine aende duka la dawa. Mume anayemuuguza mkewe asione aibu kuosha mfuko wala kupika uji. Watoto waambiwe kweli kwa kadiri ya umri wao, na wahakikishiwe kwamba hawakusababisha maradhi.

Na wakiwa watu wazima, watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa wamwone tabibu kuhusu kupimwa utumbo, kwa kawaida wanapofika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao mgonjwa, ule unaotangulia. Kwani uvimbe ukionekana mapema huweza kuondolewa kabla haujageuka saratani.