Chakula na Uangalizi Baada ya Kukatwa Mafindofindo

Mtoto aliyekatwa mafindofindo huruhusiwa kurudi nyumbani siku ile ile au siku ya pili, na wazee wake humpokea kwa shukrani wakiamini kwamba kazi kubwa imekwisha hospitali. Kazi iliyobaki ni ya nyumbani, nayo huchukua siku 10 hadi 14.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mitaani. Mafindofindo ni vinundu viwili vya nyama vilivyoko pande mbili za koo, nyuma ya ulimi. Kimeo ni kile kinyama kimoja kinachoning'inia katikati. Daktari huondoa mafindofindo pale yanapovimba na kuuma mara kwa mara, mwaka hadi mwaka, au yanapokuwa makubwa hata mtoto akakoroma na kukatika pumzi usingizini. Kukata kimeo kwa wembe majumbani si tiba ya maradhi hayo, na kumewahi kuleta pepopunda na kutoka damu kusikozuilika.

Kwa kawaida mahali palipokatwa hapashonwi. Huachwa wazi, na mwili wenyewe hupafunika kwa utando mweupe au wa manjano. Wako wanaouona utando huo wakadhani ni usaha, wakausugua kwa pamba au kwa kidole chenye chumvi. Hilo ni kosa kubwa, kwani utando ule ni kifuniko cha jeraha, kama gaga la kidonda cha mguuni. Harufu mbaya ya mdomo nayo hutarajiwa, na huondoka yenyewe koo linapopona.

Maumivu ya operesheni hii hayapungui siku hadi siku kama watu wanavyotazamia. Mara nyingi siku mbili za mwanzo mgonjwa huonekana hajambo, kisha kuanzia siku ya tatu hadi ya saba hali humzidia. Masikio nayo humuuma ingawa ni mazima, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaohudumia koo una tawi liendalo sikioni. Hapo ndipo mtoto hukataa kumeza chochote, na mama kwa huruma humwacha. Huruma hiyo humdhuru. Koo lisilomeza hukauka na misuli yake hukakamaa, maumivu yakaongezeka, mtoto akazidi kukataa, na mwisho wake hurudishwa hospitali kwa kupungukiwa maji mwilini.

Kwa sababu hiyo dawa ya maumivu itolewe kwa saa alizoandika daktari, bila ya kungoja mtoto alie, na ipangwe ili dozi moja itangulie chakula kwa kiasi cha nusu saa. Parasetamoli ndiyo ya kawaida, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Aspirini isitumike, kwani huzuia damu kuganda. Kodeini, ambayo zamani ikitolewa kwa wingi, imewekewa makatazo na mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya tangu mwaka 2013 kwa watoto waliokatwa mafindofindo, kwa kuwa miili ya baadhi yao huigeuza haraka kuwa mofini na pumzi zikazimika. Chupa ya dawa ya jirani, basi, ibaki kwa jirani.

Kunywa ni muhimu kuliko kula. Maji, maji ya dafu na maziwa yanywewe kidogo kidogo mchana kutwa; kwa mtoto mkaidi, kijiko kimoja kila baada ya dakika chache hufaa. Malai na barafu hupoza koo. Mkojo mwingi na mweupe ni dalili njema. Ukiwa mchache na wa rangi ya chai, mgonjwa hanywi vya kutosha, hata akidai anakunywa.

Katika chakula, jiko la kwetu halina upungufu. Uji wa mchele wenye tui jepesi, uliopoa, ni mwanzo mzuri. Mbatata za kuponda, ndizi mbivu, papai, embe mafuta, bokoboko lisilo viungo vikali na samaki laini aliyetolewa miba vyote hufaa. Urojo, pamoja na ulaini wake, una ukali na pilipili, na wengi wamejuta. Uwekwe kando pamoja na achari, ukwaju, machungwa na nanasi. Kaukau, bisi na karanga hukwaruza. Hata hivyo madaktari wengi siku hizi hawamkatazi mgonjwa chakula cha kawaida anachokiweza, kwani kutafuna hulegeza misuli ya koo. Mtoto anayeomba wali apewe wali. Sharubati nyekundu tu ziepukwe, zisije zikadhaniwa damu akitapika.

Watu wazima huumia zaidi kuliko watoto. Mkuu wa kazi anayeletewa cheti cha daktari cha wiki mbili asikione ni kirefu kwa maradhi ya koo. Skuli na madrasa nazo zimsubiri mtoto. Mwezi wa Ramadhani ukimkuta katika hali hiyo, mtu mzima ana ruhusa ya mgonjwa ya kula na kulipa baadaye, na aitumie.

Kati ya siku ya tano na ya kumi gaga huanguka, na hapo damu inaweza kutoka upya, hata kwa mgonjwa aliyekwisha kucheza uwanjani. Hutokea kwa wachache, lakini usiku hausubiri boti. Mgonjwa wa Pemba aliyetibiwa Unguja, au anayetoka Tumbatu au Kojani, apange mapema kukaa kwa jamaa aliye karibu na hospitali yenye chumba cha operesheni mpaka siku hizo zipite. Akitema damu mbichi, akiitapika, au mtoto akionekana kumeza mara kwa mara usingizini, apelekwe mara moja, hata kama damu imekwisha kukatika, kwani kidogo huweza kutangulia kingi. Akae wima, ainamishe kichwa mbele, ateme asimeze. Njiani asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji kutiwa dawa ya usingizi saa ile ile.