Mkutubi na Kitabu cha Watu Wote



Somo letu la leo linahusu kitabu, lakini tutaanza na mizani, kwa sababu mizani kila mkulima wa Mlali anaijua. Ukipeleka mahindi yako sokoni Kibaigwa, hukubali mnunuzi aisome mizani peke yake, wewe umesimama nje. Labda mnunuzi huyo ni mtu mwema kabisa. Labda hajaiba hata kilo moja tangu azaliwe. Lakini yeye anapata faida gunia likionekana jepesi, na wewe unapata faida likionekana zito. Ndiyo maana mnataka mizani isomwe na mtu mwingine, nanyi wawili mkitazama.

Jambo hili linaitwa mgongano wa maslahi. Maana yake ni kwamba mtu mmoja anavutwa na vitu viwili. Anatakiwa kusema kweli kwa ajili ya watu wote, na hapohapo ana faida yake mwenyewe. Wazee walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mwizi!

Haya, sasa twende kwenye kitabu. Kuna kitabu kinachoitwa kamusi elezo. Hiki hueleza habari za kila kitu: nchi, wanyama, magonjwa, watu mashuhuri. Zamani kiliandikwa na wataalamu, tena kilikuwa kizito na bei yake kubwa. Mwaka 2001 ilianzishwa kamusi elezo ya namna nyingine katika intaneti, jina lake Wikipedia. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Ukiwa na simu yenye intaneti unaisoma bure, ukiacha bei ya bando. Na hata kuandika ndani yake, au kusahihisha, karibu kila mtu anaruhusiwa. Hata wewe uliyejifunza kusoma ukubwani.

Wakutubi, yaani watu wanaotunza maktaba, wanahitajika sana katika kazi hii. Wao ndio wanaojua habari fulani imo katika kitabu gani. Tangu mwaka 2016 wakutubi wa nchi nyingi wameombwa kila mmoja aongeze walau rejea moja, yaani aonyeshe kitabu au gazeti ambalo habari imetoka. Mwaka 2020 chama cha maktaba za Afrika, AfLIA, nacho kiliwaita wakutubi wa bara letu kufanya hivyo. Ni kazi njema.

Shida iko wapi basi? Tuseme mkutubi mmoja anafungua ukurasa unaoeleza maktaba yake. Anakuta imeandikwa kwamba paa linavuja na vitabu ni vya zamani. Ni kweli, lakini anaona aibu. Anafuta. Mahali pake anaandika kwamba maktaba ni nzuri na wasomaji wanafurika. Hakutumwa na mtu, anaipenda tu kazi yake. Baadaye mkubwa mmoja mwenye fedha za vitabu anasoma ukurasa ule. Anasema, "Kumbe hawa hawana shida," na vitabu vinapelekwa kwingine. Aliyeumia ni nani? Ni mtoto anayetembea kilomita nyingi kuazima kitabu, akakuta kurasa zimeliwa na mchwa.

Kwa ajili hiyo Wikipedia ina taratibu zake. Mkutubi anakaribishwa kuandika yale anayoyajua, iwe ni mtama, malaria, au historia ya Wagogo. Anaweza pia kuonyesha vitabu vilivyomo katika maktaba yake, mradi vinamsaidia msomaji wala siyo tangazo la biashara. Lakini habari za maktaba yake mwenyewe anashauriwa asizibadilishe kwa mkono wake. Kila ukurasa una mahali panapoitwa Majadiliano. Pale ajitaje: mimi ni mfanyakazi wa maktaba hii, naona jambo hili si sahihi, ushahidi ni huu. Kisha mtu mwingine apime na kuandika. Tena tangu mwaka 2014 anayelipwa kwa kuandika humo analazimika kusema nani anamlipa.

Mwaka 2012 huko Uingereza, kiongozi mmoja wa shirika linaloisaidia Wikipedia alijiuzulu. Alikuwa pia mshauri wa kulipwa wa Gibraltar, nchi ndogo iliyo chini ya Uingereza, na habari za Gibraltar zilikuwa zikitokea mara kwa mara kwenye ukurasa wa mbele. Watu hawakulalamika kwamba habari zenyewe ni za uongo. Walilalamika kwamba amevaa kofia mbili.

Msomaji mmoja atasema, haya ni mambo ya mbali. Si ya mbali hata kidogo. Wilaya yetu ya Kongwa inajulikana duniani kwa ule mpango wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1946 mkubwa wa kampuni ya United Africa ndiye aliyependekeza kwa serikali yake karanga zilimwe kwa matrekta. Kazi ilipoanza mwaka 1947, kampuni hiyohiyo ndiyo iliyopewa kuisimamia mwanzoni. Udongo ukawa mgumu, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 35. Sasa fikirini, habari hiyo ingeandikwa na kampuni peke yake, tungesoma nini? Na ikiandikwa na sisi wa Kongwa peke yetu je? Nasi tunavutia kwetu.

Hata sisi wa gazeti hili tuna maslahi. Tukikuambia kwamba gazeti linafundisha kuliko redio, usitukubalie haraka.

Zoezi. Mkikutana katika kikundi, mmoja mwenye simu afungue ukurasa wa Kongwa katika Wikipedia ya Kiswahili. Tazameni palipoandikwa historia: hapo mtaona kila badiliko, siku lilipofanywa, na jina alilotumia aliyelifanya. Kisha mjadili swali hili. Katika mahali ambapo mkutubi ni mmoja tu, na ndiye pekee anayejua maktaba ilivyoanza, nani aandike habari zake?