DAFTARI LA WALIOHUKUMIWA KWA MAKOSA YA KUJAMIIANA: LINAVYOTUNZWA NA JINSI YA KULITAFUTA



Somo letu la safari hii ni zito, na huenda wengine wakasema halifai kusomwa mbele ya watu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi wetu tuna watoto, wajukuu na ndugu wanaoishi Marekani, na huko kila mtu anaweza kutazama orodha ya watu waliohukumiwa kwa makosa ya kujamiiana. Basi ni vema tujue orodha hiyo ni nini, inatazamwaje, na inakomea wapi.

1. Lilivyoanza

Jimbo la California lilianza kutunza daftari kama hili mwaka 1947. Siku hizo lilikuwa la polisi tu, na raia hawakuruhusiwa kulisoma.

Mwaka 1989 mtoto Jacob Wetterling, mwenye miaka 11, alinyakuliwa barabarani katika jimbo la Minnesota. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake, iliyotaka kila jimbo liwe na daftari. Mwaka huo huo, huko New Jersey, Megan Kanka, mtoto wa miaka 7, aliuawa na jirani wa ng'ambo ya barabara. Jirani huyo alikuwa amekwisha kuhukumiwa kwa kuwadhuru watoto, lakini wazazi wa Megan hawakuwa na habari hiyo. Kwa hiyo mwaka 1996 ikaja Sheria ya Megan, iliyoyataka majimbo yawajulishe raia yaliyomo katika daftari.

Sheria ya tatu ni ya mwaka 2006, nayo ina jina la mtoto Adam Walsh. Hiyo iliweka taratibu za kulinganisha majimbo yote, ingawa mpaka leo kila jimbo lina kanuni zake na hazifanani.

2. Nani anaandikwa, na kwa muda gani

Anayeandikwa ni mtu aliyetiwa hatiani mahakamani. Mtu anayenong'onwa tu mtaani haandikwi. Baada ya hukumu, au atokapo gerezani, hujiandikisha kwa polisi au kwa sherifu wa kaunti anapoishi, na habari zake hupelekwa kwenye daftari la jimbo. Ndiyo maana twasema daftari ni la mahali, hata likitazamwa kutoka mbali.

Kwa taratibu za mwaka 2006, makosa yana madaraja matatu. Wa daraja la kwanza hubaki katika daftari miaka 15, na hufika mbele ya wakuu mara moja kwa mwaka. Wa daraja la pili hubaki miaka 25, na hufika kila miezi sita. Wa daraja la tatu hubaki maisha yake yote, na hufika kila miezi mitatu. Akibadili jina, makazi, kazi au shule, sharti atoe habari katika siku tatu za kazi.

3. Jinsi ya kutafuta

Wizara ya Sheria ya Marekani ina tovuti moja inayounganisha madaftari ya majimbo yote 50, mji mkuu wa Washington, visiwa vikubwa vilivyo chini ya nchi hiyo, na makabila mengi ya wenyeji wa asili. Anwani yake ni nsopw.gov. Haidai malipo. Fuateni hatua hizi:

(a) Fungua tovuti, usome masharti, uyakubali.

(b) Tafuta kwa jina la kwanza na la ukoo, au kwa anwani ya mahali, kama vile nyumba mnayotaka kupanga au shule ya mtoto.

(c) Matokeo yatakupeleka kwenye ukurasa wa jimbo lenyewe. Humo aghalabu mna picha, umri, anwani na kosa alilohukumiwa. Tovuti ya taifa haitunzi habari hizo, inaziomba kwa majimbo. Kwa hiyo kilichoandikwa na jimbo ndicho cha kutegemea.

(d) Linganisha picha na umri kabla ya kuamini lolote. Majina hufanana, na mtu asiye na kosa aweza kuharibiwa sifa kwa sababu ya jina tu.

(e) Usipoona kitu, usidhani umemaliza. Majimbo mengine hayawatangazi wote. Huko Massachusetts, kwa mfano, wa daraja la chini kabisa hawatangazwi kwa raia. Ukiwa na wasiwasi wa kweli, nenda kituo cha polisi cha mji ukaulize.

4. Kwingineko

Uingereza ilichagua njia nyingine. Daftari liko kwa polisi tangu mwaka 1997, wala raia hawalisomi. Lakini tangu jaribio lililoanza mwaka 2008, mzazi, mlezi au mtu mwingine mwenye wasiwasi aweza kumwuliza polisi juu ya mtu fulani anayekaribiana na mtoto. Polisi wakiona pana hatari, humwambia yule anayeweza kumlinda mtoto, naye hutakiwa kuitunza siri hiyo.

Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, kifungu cha 39, inamwagiza Msajili wa Mahakama Kuu kutunza daftari la waliohukumiwa, na mtu mwenye sababu ya haki aruhusiwe kulitazama. Afrika Kusini nayo ina daftari kwa sheria ya mwaka 2007. Kazi yake kubwa ni kuwazuia waliomo wasiajiriwe mahali penye watoto.

5. Lisiloweza kufanywa na daftari

Hapa ndugu tusikilizane vizuri. Mwaka 2000 ofisi ya takwimu ya Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa taarifa juu ya kesi zilizofika polisi katika majimbo kadhaa. Kati ya watoto 100 waliodhulumiwa, 93 walikuwa wakimjua aliyewadhulumu. Watoto 34 walidhulumiwa na watu wa familia zao, na 59 na watu wanaofahamika. Wageni wasiojulikana walikuwa 7 tu.

Kwa hiyo mzazi anayetafuta jina la jirani mpya na kulala usingizi mnono kwa kuwa hakuliona, huenda hatari imo ndani ya nyumba yake. Daftari linataja waliokwisha kukamatwa, kushtakiwa na kuhukumiwa. Ambaye watu wamemfichia halimjui.

Sisi Waanglikana tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Tume ya uchunguzi ya Uingereza ilisema mwaka 2020 kwamba tangu miaka ya 1940 hadi 2018, makasisi na watu wengine wenye dhamana katika Kanisa la Uingereza wapatao 390 walitiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana juu ya watoto. Tena yuko John Smyth, wakili aliyeongoza kambi za vijana Wakristo na kuwapiga wavulana kikatili. Viongozi kadhaa walipewa habari tangu mwaka 1982, lakini aliachwa ahamie Zimbabwe mwaka 1984, akaanzisha kambi huko, na watoto wa Kiafrika wakaumizwa nao. Baadaye alikwenda Afrika Kusini, akafa mwaka 2018 bila kuhukumiwa. Taarifa juu yake ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Hakuna daftari ambalo lingalituonyesha jina la Smyth, kwa kuwa waliojua walinyamaza.

6. Onyo kwa msomaji

Daftari limewekwa ili kulinda, si kulipiza kisasi. Kulitumia kumtisha au kumsumbua mtu ni kosa la jinai. Mwezi wa Aprili 2006, katika jimbo la Maine, kijana mmoja alitafuta anwani katika daftari, akawaua watu wawili nyumbani kwao. Mmoja wao aliandikwa kwa sababu, akiwa na miaka 19, alilala na mpenzi wake aliyebakiza wiki mbili kutimiza miaka 16. Jina lake lilikuwa orodha moja na majina ya wabakaji wa watoto wachanga, na aliyemwua hakuuliza tofauti.

Hata mama yake Jacob, ambaye sheria ya kwanza ilipewa jina la mwanawe, amesema hadharani miaka ya baadaye kwamba wavu umetupwa mpana mno. Neno la mama aliyefiwa hivyo lina uzito.

7. Tufanye nini

Tulitumie daftari pale lilipo, kwa hekima. Kisha tufanye yale yasiyohitaji daftari. Mtoto asiachwe peke yake na mtu mzima mmoja chumbani, iwe ni shule ya Jumapili, kwaya au darasa la kipaimara. Mwalimu mgeni aulizwe alikotoka, na walioko huko waulizwe juu yake. Watoto wafundishwe kwamba hakuna siri ya kumficha mama kuhusu miili yao, hata mwenye kuiomba siri hiyo akiwa mjomba, mwalimu au padre. Na mtoto akisema, asikemewe. Asikilizwe, kisha habari ipelekwe polisi, isimalizwe kwa kikao cha wazee na fidia ya mbuzi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini jina kutokuwamo katika daftari si ushahidi kwamba mtu ni salama?
2. Ipi ni njia bora kwetu: daftari kusomwa na wote kama Marekani, au kuulizwa kwa polisi kama Uingereza? Toeni sababu.
3. Katika mtaa wetu, mtoto aliyedhulumiwa angemwambia nani? Je, mtu huyo anajua la kufanya?
4. Someni Mathayo 18:1–14. Nani katika kanisa letu amepewa kazi ya kuwalinda wadogo hawa? Kama hakuna, achaguliwe lini?